Namna ya Kulitunza Turubai la Kivuli la Gari la Safari

Masika ya mwaka mmoja nilirudi Arusha kutoka kambi ya Simba, iliyoko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, nikiwa nimelikunja turubai la kivuli la gari langu likiwa bado limelowa umande. Nilifunga zipu ya mfuko wake, nikaegesha gari, na kwa kuwa msimu wa wageni ulikuwa umekwisha sikuligusa kwa wiki tano. Nilipolifungua lilikuwa limejaa vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyonyunyizwa, linanuka kama gunia la viazi vilivyooza, na mshono wa kona moja, ambao fundi alikuwa ameurudia kwa uzi wa pamba, ulikatika kwa kuvutwa na vidole viwili tu. Turubai hilo lilikuwa limevumilia jua la Natron na upepo wa Ndutu kwa misimu minne bila kuchanika, lakini wiki tano za kukaa mbichi ndani ya mfuko zikalimaliza. Tangu hapo naamini kwamba sehemu kubwa ya matunzo ya kitu hiki iko katika dakika kumi zinazotangulia kukunjwa, na ndiyo maana sehemu hiyo nitaieleza kwa kirefu kuliko nyingine.

Ninayemwandikia hapa ni dereva au mwenye gari la kambi, kwa mfano Land Cruiser yenye keria juu na mfuko mrefu uliofungwa ubavuni, ambao ndani yake mna kitambaa cha takriban mita 2 kwa mita 2.5, nguzo za aluminiamu za kuchomoza, kamba na vigingi. Mengi ya haya yanamfaa pia mwenye karavani au gari lenye vitanda ndani, ambalo turubai lake hujiviringisha kwenye bomba. Yale yanayolihusu turubai la aina hiyo pekee nimeyaweka mahali pake.

Hatua ya kwanza: kijue kitambaa chako

Kabla ya kununua dawa, sabuni au kiraka chochote, pitisha kiganja upande wa ndani wa turubai. Ukihisi kitu kama kaki nzito, kisichong'aa upande wowote, hiyo ni pamba iliyochanganywa na polista. Upande wa ndani ukiwa mtelezo na unang'aa kidogo, ni polista iliyopakwa tabaka jembamba la plastiki la kuzuia maji. Na ukihisi kitu kama turubai la lori, kizito na chenye ubaridi mkononi, hiyo ni PVC.

Tofauti hii si ya jina tu. Pamba hupumua, na nyuzi zake zikilowa huvimba na kuziba matundu yaliyoachwa na sindano. Kwa sababu hiyo turubai jipya la pamba linapaswa kulowanishwa hadi litote, likauke kabisa, kisha lirudiwe tena mara moja au mbili kabla ya kulitegemea katika mvua. Anayeliona likivuja katika mvua ya kwanza na kulirudisha dukani kwa hasira mara nyingi huwa amelirudisha turubai zima. Polista haihitaji kulowanishwa hivyo, lakini tabaka lake la ndani lina adui wawili, joto na unyevunyevu, na adui hao wakikutana kwa muda mrefu ndani ya mfuko uliofungwa, tabaka huanza kunata na kutoa harufu kali. Likifika hapo halirudi tena. PVC yenyewe haiozi kwa urahisi, lakini ukungu huota juu ya uchafu ulioshikamana nayo, kwa hiyo anayedhani kwamba plastiki haihitaji kukaushwa anajidanganya.

Hatua ya pili: kagua mahali liliposhikizwa

Barabara ya vumbi yenye mikunjo midogo midogo, kama ile ya kutoka Naabi kuelekea Seronera, hulegeza nati kuliko kitu kingine ninachokifahamu. Kila jioni, baada ya kukagua tairi, panda na ushike mfuko wa turubai kwa mikono miwili, uutikise kwa nguvu. Ukisikia mlio wa chuma kugonga chuma, kuna bolti imelegea. Tumia nati zenye pete ya nailoni ndani, na ukishazikaza chora mstari mmoja wa rangi unaopita juu ya nati hadi kwenye bati. Siku mstari huo utakapoachana utaliona tatizo kwa macho bila kushika spana. Usikaze kupita kiasi, kwa sababu reli ya aluminiamu ni laini na hupinda.

Wanaopeleka wageni Saadani au popote pengine kwenye pwani ya bahari wana jambo la ziada. Bolti ya chuma iliyogusana na aluminiamu kwenye hewa ya chumvi huifanya aluminiamu iote unga mweupe na kuliwa taratibu. Weka washa ya plastiki katikati na upake grisi kidogo kwenye uzi wa bolti, na ukirudi bara suuza sehemu zote kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Hatua ya tatu: lisimamishe kwa mteremko na kwa kamba

Wengi tunapenda kuliona limenyooka sawasawa kama meza, kwa sababu linapendeza kwenye picha. Hilo ni kosa. Mvua ya milimita 1 inayoangukia mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji, na lita 1 ni kilo 1. Turubai la mita 2 kwa mita 2.5 lina mita 5 za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 20, ambayo wakati wa masika inaweza kunyesha mchana mmoja, inalimwagia kilo 100. Yote hayo yakikosa njia ya kushuka hukusanyika katikati, kitambaa kinabonyea kama mfuko, na kinachofuata ni nguzo kupinda au kitambaa kung'oka kwenye reli. Shusha nguzo moja ya nje iwe fupi kuliko mwenzake kwa kiasi cha shubiri mbili hivi, na uchague kona iliyo mbali na mlango wa gari na meza ya mpishi. Maji yakijaa licha ya hayo, yasukume kutoka chini kwa kiganja kilichofunguliwa au kwa ufagio uliofungwa kitambaa. Usiyasukume kwa ncha ya mti.

Kamba zipigwe hata kama hakuna upepo, maana upepo wa nyanda za wazi hauna hodi. Kigingi kiingie ardhini kwa kuinama kuelekea nje, takriban nyuzi 45, ili kamba ikivuta kizidi kujichimbia. Udongo wa Ndutu na wa kusini mwa Serengeti ni laini kama unga, na vigingi vifupi havishiki huko. Beba vyenye urefu wa sentimita 30 hadi 40, au jaza kiroba mchanga, ukifukie kidogo na ukifunge kamba. Kama kamba yako ni ya katani, ilegeze kidogo kabla ya kulala kwa sababu ikilowa hujivuta na kufupika. Ya nailoni hufanya kinyume, hurefuka, na asubuhi utalikuta turubai limelegea. Funga kitambaa cheupe kwenye kila kamba, ili mgeni anayekwenda msalani usiku asijikwae.

Kitambaa kikianza kupigapiga kwa mlio wa kofi, ni wakati wa kukunja, wala usisubiri kumaliza chai. Vilevile usiliache wazi usiku ikiwa hakuna atakayekuwa macho: fisi hutafuna kamba na mpira, na mnyama mkubwa akijinasa kwenye kamba gizani hasara haitaishia kwenye turubai. Jiko na moto wa kuni vikae angalau mita 3 kutoka kwenye ukingo wa kitambaa, upande ambao upepo unapeleka cheche mbali nalo. Tundu la cheche ni dogo kama punje ya mtama, lakini kila moja ni mlango wa maji, na mabingwa wa kurusha cheche ni magogo makavu ya migunga.

Hatua ya nne: kung'uta, kausha, kunja

Hii ndiyo kazi yenyewe. Anza na vumbi kabla ya maji yoyote. Nyanda za majani mafupi za Ndutu na kusini mwa Serengeti zimetandazwa majivu ya kale ya volkano, na chembe zake zina makali. Ukizikunja ndani ya kitambaa, kila mtikisiko wa barabara unakuwa msasa unaosugua tabaka la kuzuia maji hasa penye mikunjo. Livue turubai kwenye nguzo za mbele, mshike na mwenzako kona kwa kona, mling'ute mara tatu au nne kama mnavyong'uta mkeka, kisha piteni juu yake na brashi laini. Angalieni miiba, vijiti na wadudu, kwa sababu mwiba mmoja uliokunjwa ndani hutoboa tabaka nne au tano kwa pamoja, na baadaye utashangaa kuyakuta matundu yamejipanga mstari mmoja.

Kinyesi cha ndege kisikwanguliwe kikiwa kikavu. Kiloweshe kwa kitambaa chenye maji, subiri kilainike, kisha kipanguse. Gundi ya mti iache wakati wa jua kali, maana ikiwa laini unaipaka tu. Asubuhi kukiwa na baridi hubanduka kwa ukucha.

Baada ya vumbi huja unyevu. Kwenye ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hata usiku usio na mvua turubai hulowa chapa, na saa kumi na mbili asubuhi wageni wanataka kushuka kreta wakati jua halijachomoza vizuri. Hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa, nami nilishindwa hapo hapo. Ninachofanya siku hizi ni kubeba kanga mbili kuukuu zilizokwisha kufuliwa sana, kwa kuwa kanga kuukuu hunyonya maji kuliko taulo jipya. Ya kwanza hupita juu ikabeba maji mengi na kukamuliwa mara kadhaa. Ya pili hupita chini, kwenye mishono, na ndani ya mdomo wa mfuko pale zipu inapokaa, ambapo maji hujificha bila kuonekana. Kazi yote huchukua dakika nane au tisa. Kitambaa hakitakuwa kimekauka kabisa, lakini kitakuwa na ubichi badala ya maji.

Kisha lizungushe bila kulibana sana, na siku hiyohiyo lifungue tena mahali penye jua. Mkishuka kuelekea Serengeti, mapumziko ya chakula cha mchana ni fursa nzuri kama kuna nafasi pembeni pasipozuia magari mengine: jua la saa saba na upepo wa uwandani hukausha kwa dakika 20 kile ambacho kule juu kingehitaji nusu siku. Kama mvua imeendelea na haiwezekani kabisa kulifungua njiani, lifungue mkifika, hata kama ni chini ya paa la banda na hata kama ni usiku. Mimi sipitishi saa 24 na turubai bichi ndani ya mfuko.

Wakati wa kulikunja lenyewe, hakikisha vichwa vya nguzo havibani kitambaa, na kwa PVC usirudie mkunjo uleule kila siku, kwa kuwa penye mkunjo wa kudumu ndipo pa kwanza kupasuka. Mikanda ya ndani ifungwe kabla ya zipu. Zipu si kazi yake kulibana turubai.

Hatua ya tano: kuliosha

Maji matupu baada ya kila safari yanatosha. Sabuni ni ya mara moja au mbili kwa mwaka, na wakati mzuri ni mwanzoni mwa Machi, kabla ya masika kuanza kwa nguvu, ili liingie kwenye miezi ya kupumzika likiwa safi. Lifungue likiwa palepale kwenye gari, lisimamishe kwa mteremko, lipige brashi kavu, kisha limwagie maji mengi kutoka juu. Tayarisha ndoo ya maji ya uvuguvugu, yasizidi nyuzi joto 38, yenye sabuni nyepesi kidogo, na usugue kwa sponji au brashi laini kwa eneo dogo dogo. Usiache sabuni ikaukie. Suuza hadi maji yanayodondoka yawe hayana povu hata kidogo, kwa sababu sabuni iliyobaki kwenye nyuzi huvuta maji badala ya kuyafukuza, na turubai litaanza kuvuja wakati wewe unadhani umelifanyia wema.

Sabuni ya unga yenye nguvu, jiki, petroli na mafuta ya taa visikaribie. Jiki hung'arisha kweli, lakini hula uzi wa mshono, na petroli huyeyusha tabaka la ndani. Pia usikubali kijana wa sehemu ya kuoshea magari alielekezee mashine ya maji ya presha. Anakusudia kukusaidia, lakini maji yale hubandua kinga yote kwa dakika moja. Mwambie mapema, kabla hajawasha mashine.

Ukikuta ukungu, utolee nje, funga kitambaa puani na uusugue kwa brashi ukiwa mkavu ili chembe zisisambae ndani ya gari. Changanya kipimo kimoja cha siki na vipimo vinne vya maji, jaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana, kisha lowesha sehemu zilizoathirika, subiri nusu saa, suuza na uanike juani hadi hata mishono iwe mikavu. Vidoa vyeusi huenda vikabaki. Usipigane navyo kwa dawa kali. Ukungu ukishakufa, doa lililobaki halina madhara.

Hatua ya sita: rudisha kinga ya maji

Nyunyiza maji kidogo juu ya turubai lililo safi na kavu. Yakisimama kama shanga na kuteleza, kinga ipo. Yakitandaa na kitambaa kikageuka rangi, kinga imekwisha na ni wakati wa kupaka upya. Nunua dawa iliyotengenezwa kwa kitambaa cha aina yako. Za pamba na za polista hazifanani. Paka tabaka mbili nyembamba, ya pili baada ya ya kwanza kukauka, na uongeze kidogo kwenye mishono. Zipo kambi ambazo watu huyeyusha mishumaa ndani ya mafuta ya taa na kupaka mchanganyiko huo. Nawasihi wenzangu muache. Unazuia maji kweli, lakini unaligeuza turubai kuwa utambi mkubwa uliotandazwa juu ya vichwa vya watu, hatua chache kutoka motoni.

Hatua ya saba: viraka, nguzo na zipu

Tundu dogo lizibwe siku hiyohiyo. Kata kiraka cha kitambaa kilekile, kipite tundu kwa sentimita 3 kila upande, na kona zake ziwe za mviringo kwa sababu kona kali huanza kubanduka mapema. Porini gundi ya mahema inatosha. Ukirudi mjini mpelekee fundi maturubai, na umwambie mambo mawili bila kuona haya: atumie uzi wa polista, na sindano nene ya namba 16 au 18. Uzi wa pamba huoza, na wa nailoni hudhoofika juani haraka kuliko wa polista. Sugua mshono mpya kwa nta ya nyuki, pande zote mbili, uipashe joto kwa kidole hadi iingie kwenye matundu ya sindano.

Nguzo za kuchomoza zikikwama ni vumbi. Zichomoe, zisuuze kwa maji, zikaushe, upulizie silikoni kavu kidogo. Oili isitumike, kwani hukamata vumbi na kesho zitakwama zaidi. Zipu ipigwe brashi ya meno, kisha meno yake yasuguliwe kwa mshumaa.

Kwa wale wenye turubai la kujiviringisha kwenye bomba: ndani ya bomba hilo mna springi iliyokazwa kwa nguvu kubwa. Osha kitambaa na mikono yake, hakikisha kufuli za safari zimefungwa kabla ya kuondoka, lakini usifungue kifuniko cha mwisho wa bomba wala msumari unaokishikilia. Springi ile ikifyatuka huvunja mkono. Hiyo ni kazi ya fundi anayejua kuifunga kwanza.

Hatua ya nane: miezi ya kukaa

Kama gari litapumzika Aprili na Mei, lishushe turubai kutoka kwenye keria. Lizungushe kilegevu ndani ya shuka la pamba, si ndani ya mfuko wa plastiki, kisha lining'inize kwenye boriti kwa kamba mbili, mbali na ukuta na juu ya urefu ambao panya anaweza kuruka kutoka kwenye rafu. Panya hupenda kuzalia humo, na usiku mmoja unamtosha kutoboa tabaka zote. Likiwa limelowa supu au juisi ya wageni, hakikisha umelitoa doa kwanza, kwani harufu ya chakula ndiyo inayomwita.

Chagua siku moja yenye jua kila mwezi, ulitandaze uani asubuhi na ulikunje kabla ya umande wa jioni. Na siku mbili kabla ya safari ya kwanza ya Juni lifunge kwenye gari, ulisimamishe lote na kamba zake, ulimwagie ndoo tatu za maji, kisha ukae chini yake uangalie juu kwa dakika tano. Tone lolote litakaloonekana litie alama ya chaki, ili siku ya pili itumike kuziba na kukausha.